Kabla ya manjanja, tushindilie udongo

Juma hili tunazungumza juu ya kitu tunachokikanyaga kila siku bila kukiwaza: udongo ulio chini ya nyumba. Kiangazi kikifika, vikundi vingi vitataka kujenga depo ya mbegu, jiko, banda la mbuzi au kijumba cha pikipiki. Wengi watahesabu manjanja, misumari na mbao. Wachache watahesabu kazi ya kiwanja. Sisi pia hatukuihesabu, na tulilipa.

Kikundi chetu kina wanawake 24. Kwa miaka miwili tuliweka akiba katika sanduku la AVEC, kila mama kwa nguvu yake, mpaka tukapata vitu vya kujengea depo ndogo ya mita 4 kwa mita 5. Kiwanja kilikuwa kwenye mteremko, kama viwanja vingi vya huku kwetu milimani. Fundi alikata udongo upande wa juu, akautupa upande wa chini, akausawazisha kwa jembe. Watoto wakaukanyaga kwa kucheza. Kwa macho palikuwa sawa kama meza. Tulipiga vigelegele, tukajenga mwezi wa nane ili tuiwahi mvua.

Mwezi wa kumi na moja, kona moja ya upande wa chini ilikuwa imeshuka vidole vinne. Ukuta ulipasuka hata mkono wa mtoto ungepita. Mlango ukakataa kufunga. Maji ya mvua yalitoka mlimani, yakagonga ukuta wa nyuma, yakapenya chini yake. Tulipoingia tulikuta magunia 9 ya mbegu za maharage yamelowa. Mengine yalikuwa yameota ndani ya gunia, mengine yalikuwa na ukungu. Hizo zilikuwa mbegu zetu za msimu B.

Mama zangu, siku hiyo kikundi kilitaka kuvunjika. Wengine walisema mama mweka hazina alinunua vitu vibaya. Wengine walisema fundi ametuibia. Wengine walitaka sanduku lifunguliwe, kila mtu achukue chake, aende.

Ndipo mama mmoja mzee, ambaye hasemi sana katika mikutano, akachukua jembe akaenda kwenye ile kona iliyoshuka. Akachimba kando ya ukuta. Jembe lilizama lote. Alitoa udongo mweusi, laini, wenye mizizi ya majani iliyooza. Kisha akaenda kwenye kona ya juu, akapiga. Jembe likaruka.

"Mmeona?" akatuuliza. "Upande huu nyumba imesimama kwenye ardhi. Upande ule imesimama kwenye takataka tulizozitupa wenyewe. Muacheni mama mweka hazina."

Tulibomoa, tukaweka manjanja pembeni, na kiangazi kilichofuata tukaanza upya, safari hii tukianza na udongo. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Mahali kwanza

Ulizeni wazee: mvua kubwa ikinyesha, maji yanapita wapi? Mzee aliyekaa mahali miaka 40 anajua njia ya maji hata kama leo pamekauka na majani yameota. Msijenge mdomoni mwa korongo, wala chini ya mlima mkali uliokatwa miti yote, wala juu ya shimo la zamani la choo au la takataka lililofukiwa. Hapo hata mkishindilia mwaka mzima, hapatatulia.

Jimbo letu limeona mengi. Mwezi wa nne 2020 mito ya Uvira ilifurika na kubomoa nyumba nyingi. Mwezi wa tano 2023, kule Kalehe, maji na matope yalishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Kando ya Ziwa Tanganyika, ndugu zetu waliona ziwa likipanda mwaka 2021 na tena 2024, likaingia katika nyumba za watu. Mahali pabaya hapatengenezwi kwa jembe. Mkiona dalili za maji, hameni kabla ya kujenga, si baada.

Udongo mweusi utoke wote

Udongo mweusi wa juu ni chakula cha mimea. Una mizizi, majani na wadudu. Vitu hivyo vinaoza, vinaacha nafasi, na nafasi hizo zinashuka mkiweka ukuta juu yake. Tena unanywa maji kama sifongo.

Kwa nyumba ya mita 4 kwa mita 5, safisheni mita 5 kwa mita 6, yaani nusu mita zaidi kila upande. Ondoeni sentimita 15 mpaka 20, na zaidi kama bado mnaona mizizi. Mtajua mmefika pale rangi inapobadilika kuwa nyekundu au ya njano na jembe linapoanza kuhangaika. Msiutupe udongo huo. Upelekeni kwenye bustani, lengalenga itawashukuru.

Kupima kwa kamba na maji

Pembe za nyumba zinapimwa kwa kamba ya mita 12. Fungeni fundo kwenye mita 3 na lingine kwenye mita 7. Mama wa kwanza ashike ncha mbili pamoja, wa pili ashike fundo la mita 3, wa tatu fundo la mita 7. Kila mmoja avute mpaka kamba ikaze. Pembe iliyo mkononi mwa mama wa pili ni kona iliyonyooka kabisa. Hakuna haja ya kifaa cha kununua.

Usawa wa kiwanja msiuamini kwa macho, maana mlimani macho yanadanganya. Tafuteni mpira mwembamba wa maji unaoonyesha ndani, wa mita 10 hivi. Ujazeni maji, mhakikishe hakuna povu la hewa katikati. Mmoja ashike ncha kwenye mti wa kona hii, mwingine kwenye mti wa kona ile. Maji yakitulia, usawa wake ni mmoja pande zote mbili. Wekeni alama hapo kwenye kila mti, kisha pimeni kutoka alama mpaka chini. Vipimo vikilingana kwenye kona zote nne, kiwanja kimekuwa sawa.

Kwenye mteremko: kukata kuna faida kuliko kujaza

Hapa ndipo tulipokosea. Ukikata nusu ya juu na kuijaza nusu ya chini, nyumba inakaa juu ya ardhi mbili tofauti. Ya juu haijasogea tangu babu zetu. Ya chini ni ya jana. Ya jana itashuka, ya zamani itabaki, na ukuta utapasuka katikati yao.

Njia nzuri ni kukata mpaka sakafu yote ikae juu ya ardhi ya zamani. Lakini tusidanganyane, kazi ni kubwa zaidi. Kiwanja chetu kilishuka nusu mita kutoka nyuma mpaka mbele. Kwa nyumba ya mita 4 kwa 5, kukata nusu na kujaza nusu kunachimba mita ya ujazo moja na robo tu. Kukata chote kunachimba mita za ujazo 5, mara nne. Ndiyo maana fundi anayelipwa kwa kazi nzima anapenda nusu kwa nusu. Sisi tulifanya salongo ya Jumamosi mbili, tukamaliza.

Acheni angalau mita moja kati ya ukuta wa nyuma na ule udongo uliokatwa, na kata yenyewe ilale kidogo, isisimame wima, ili mvua isiiangushe juu ya nyumba.

Kama hamna budi kujaza upande wa chini, basi ondoeni udongo mweusi kule chini pia, mkate ardhi kama ngazi ili ule mpya usiteleze, mjenge ukuta wa mawe wa kuuzuia, kisha mjaze kidogo kidogo na kushindilia. Mkijaza kina kirefu, ni afadhali kuacha mvua za msimu mmoja zipite juu yake kabla ya kuweka ukuta.

Kushindilia ni kama kutwanga sombe

Kila mama anajua: ukijaza kinu mpaka juu, mchi unatwanga majani ya juu tu, ya chini yanabaki mazima. Udongo ni vilevile. Ukimwaga nusu mita kwa mara moja na kuupiga, juu patakuwa pagumu, ndani patabaki laini. Mwageni sentimita 10 mpaka 15 tu, shindilieni, kisha mwageni tena. Sentimita 15 za udongo uliomwagwa zikishindiliwa vizuri hubaki karibu 10.

Jambo la pili ni maji. Udongo mkavu haushikani. Ule wenye maji mengi unaruka kama bugali laini, ukiupiga hapa unainuka pale. Mwaka 1933 mhandisi mmoja wa California, Ralph Proctor, aliandika juu ya jambo hili alipokuwa akifanya kazi ya mabwawa: kila udongo una kiasi chake cha maji ambacho kikitimia, unashikana kuliko wakati mwingine wote. Wahandisi wa dunia nzima bado wanatumia kipimo chenye jina lake. Wao wana maabara. Sisi tuna kiganja.

Chukua udongo mkononi, ukamue kwa nguvu. Ukifungua mkono, donge likae na mkono usilowe. Kisha liachie lianguke kutoka usawa wa kiuno juu ya ardhi ngumu. Likivunjika vipande vichache, udongo uko tayari. Likitawanyika kama unga, nyunyizeni maji, mchanganye, mngoje kidogo. Likibaki donge moja lililobonyea, uacheni ukauke. Jaribuni tena kila asubuhi, maana ukungu wa mlimani unabadilisha udongo usiku mmoja.

Cha kupigia ni gogo la mti mgumu lenye urefu wa kifua, na vipini viwili vya kushika. Au jazeni sima katika kopo kubwa la mafuta na kusimika mti katikati. Uzito wa kilo 6 mpaka 8 unatosha mama. Kizito sana kinachosha, na mtu aliyechoka anapiga ovyo. Anzeni ukingoni, mwende mistari, kila pigo lifunike nusu ya pigo lililopita. Sikilizeni sauti. Mwanzo inakuwa nzito na ya kuzama. Udongo ukishikana, sauti inakuwa kali na gogo linaruka mkononi. Hapo mwageni tabaka lingine.

Fanyeni kwa zamu na kwa wimbo. Zanzibar, wajenzi wa zamani walipiga chokaa ya mapaa ya nyumba za mawe kwa vijiti siku baada ya siku huku wakiimba, ili mikono yote iende pamoja. Nasi tuliimba. Ila mama mwenye mimba na mama aliyejifungua juzi asishike gogo, na mtoto asiwe mgongoni. Hao wana kazi nyingine: kupima maji, kuhesabu matabaka, kulinda watoto. Hata hiyo ni kazi ya kiwanja.

Kujaribu kabla ya kujenga

Msiulize "Je, pamekaa vizuri?" Jaribuni wenyewe, kwa njia tatu. Kwanza, simama kwa kisigino kimoja na ukizungushe: kisiache shimo. Pili, sukuma kwa mkono kipande cha ferabeto au kijiti kigumu kilichochongwa, kwenye kona nne na katikati. Kikiingia sawasawa na kwa shida kila mahali, vizuri. Kikizama kwa urahisi mahali pamoja, chimbueni hapo na kuanza upya. Tatu, mwageni ndoo ya maji katikati. Maji yakikusanyika mahali, hapo pana bonde.

Maji yasifike ukutani

Kazi yote hii inaharibika kama maji yanakaa karibu. Upande wa juu chimbeni mtaro wa sentimita 30 kwa 30, unaopita nyuma ya nyumba na kutoa maji pande zote mbili, mbali, wala si kwa jirani. Uteremke angalau sentimita moja kwa kila mita. Kuzunguka nyumba, ardhi ishuke sentimita 5 kwa kila mita, mita mbili za kwanza. Manjanja yatoke nje ya ukuta sentimita 50 au zaidi. Na sakafu ya ndani iwe juu ya ardhi ya nje kwa sentimita 15 mpaka 20. Mtaro usafishwe kila mwezi wa mvua. Mtaro uliojaa majani ni kama hakuna mtaro.

Hesabu ya sima

Mfuko wa sima unafika kwetu kwa safari ngumu kutoka kando ya ziwa, na bei yake mnaijua. Basi sikilizeni. Sakafu ya mita 4 kwa 5 ni mita 20 za eneo. Ukimwaga beto ya sentimita 5, ni mita moja ya ujazo, ambayo inakula mifuko 6 au 7 ya kilo 50. Kama kiwanja hakiko sawa na kwa wastani kina upungufu wa sentimita 5, utahitaji mifuko mingine 6 au 7 ili kujaza mabonde tu. Sima hiyo haiongezi nguvu yoyote, imekwenda kufunika uvivu. Siku moja ya jembe na mpira wa maji inaokoa mifuko hiyo.

Chini ya sima wekeni mawe ya sentimita 10, myashindilie, mzibe nafasi kwa kokoto, halafu mtandaze shitingi, ile plastiki nene, ili unyevu usipande. Wasio na sima wasikate tamaa. Udongo mwekundu wenye mfinyanzi, ukishindiliwa vizuri juu ya mawe na kuinuliwa, unafanya sakafu nzuri. Ila magunia yawekwe juu ya mbao, yasiguse chini wala ukuta.

Na tukumbushane: mahindi na karanga zenye ukungu zisipikwe hata kama njaa ipo. Ukungu ule unaweza kuwa na sumu ambayo haiondoki kwa kupika, na watoto ndio wanaoumia zaidi.

Kupatana na fundi

Fundi si adui. Yule wa kwanza alifanya tuliyomuomba: tulimwambia afanye haraka na kwa faranga kidogo. Safari ya pili, mama mwenyekiti alimwita fundi mwingine, akamwambia mbele yetu:

"Baba fundi, malipo yako tutayagawa mara tatu. La kwanza ni la kiwanja. Tutakulipa siku ile ferabeto ikikataa kuingia kwenye kona zote nne."

Fundi alicheka. "Mama, hakuna mtu aliyewahi kunilipa kwa ajili ya udongo. Wote wanataka kuona ukuta."

"Sisi ukuta tumekwisha kuuona," mama mwenyekiti akajibu.

Fundi akakubali, na alifanya kazi nzuri, maana alijua kwamba hiyo nayo ni kazi yenye malipo. Andikeni mapatano hayo kwenye daftari la kikundi, na mama anayesoma ayasome kwa sauti ili wote wasikie.

Depo yetu ya pili imepita misimu miwili ya mvua. Mlango unafunga. Kila mwisho wa mwezi mama wawili wanapima kona kwa mpira wa maji, na alama haijasogea. Manjanja ni yaleyale ya kwanza, mengine yana matundu ya misumari ya zamani tuliyoziba. Mbegu za msimu B zilitoka kavu, zikagawanywa, zikapandwa. Mama mweka hazina bado ndiye mweka hazina wetu, na tulimuomba msamaha.

Kiangazi ni mwezi wa sita, wa saba na wa nane. Mwezi wa tisa mvua inarudi. Kikundi kinachotaka kujenga mwaka huu kianze sasa kutafuta kamba, mpira na gogo. Karatasi hii isomwe kwenye mkutano, na mama asiyejua kusoma asomewe. Kama kona ya nyumba yenu imeshuka, kabla ya kugombana, chukueni jembe mkachimbe pale mwone kilichoko chini.